Kumbukumbu ya mradi: stat() na tabia zake kwenye kila mfumo

Katika nyaraka za stat(), kitendakazi cha C kinachorudisha taarifa za faili kama ukubwa na nyakati zake, sehemu ya nyakati imekamilika wiki hii, na ndiyo niliyoipa uzito kuliko zote. Kwenye Linux, macOS na FreeBSD, uga wa st_ctime (kipengele kimoja cha majibu ya stat()) hushika wakati taarifa za faili zilipobadilika mara ya mwisho. Badili ruhusa kwa chmod, nayo inasogea. Kwenye maktaba ya C ya Windows, uga huohuo unarudisha wakati faili ilipoundwa. Msimbo unakompailiwa bila onyo hata moja. Sasa chukua programu ya kuhifadhi nakala inayotazama uga huo ili kujua nini kimebadilika: Windows itaziruka faili zilizoandikwa upya asubuhi ya leo, na mwenye data hatajua mpaka siku atakapozihitaji. Kwa hiyo onyo hili nimeliweka juu kabisa ya nyaraka.

Tofauti za majina hazinisumbui sana. Kwa wakati wa kuandikwa kwa faili, POSIX ya 2008, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, inataka st_mtim kwa ajili ya nanosekunde, macOS ina st_mtimespec. Ukikosea, kompaila inakataa palepale. Ila kuwa na uga wa nanosekunde si kuwa na nanosekunde. HFS+, mfumo wa faili wa zamani wa macOS, inaishia kwenye sekunde moja, na FAT, ambayo bado imejaa kwenye flashi zetu, inarekodi wakati wa kuandikwa kwa hatua za sekunde mbili. Ukinakili faili kutoka ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwenda kwenye flashi kisha ukalinganisha nyakati zake kwa ==, utaambiwa zimetofautiana. Mfano niliouandika unaruhusu pengo la sekunde mbili.

Nimeongeza pia mkwaju (/) wa mwishoni mwa njia ya faili: stat("barua.txt/") inapaswa kushindwa kwa kosa la ENOTDIR, kwa kuwa barua.txt si folda, lakini Solaris 9 inaipokea. Kuhusu ukubwa, off_t (aina ya namba inayoshika ukubwa wa faili) ya biti 32 inakomea baiti 2,147,483,647. Faili ikizidi hapo unapata kosa la EOVERFLOW, yaani namba haitoshei. Dawa ni kuweka _FILE_OFFSET_BITS=64, inayoifanya off_t iwe ya biti 64, nayo itangulie #include zote.

Kinachofuata ni st_blocks, idadi ya bloku ambazo faili imechukua diskini. POSIX haikutaja kipimo chake. Linux huhesabu kwa baiti 512 hata pale st_blksize (ukubwa wa bloku unaofaa kwa kusoma na kuandika) inaposema 4096, na watu wengi huzidisha kimakosa st_blocks kwa st_blksize. Nitaanza kupima na faili yenye mapengo, ambayo st_size yake ni kubwa na diskini haichukui karibu kitu.