Kabla ya chai, mdomo kwanza: siku yangu na wazee wa Lavington

Saa kumi na moja alfajiri natoka Kawangware, Nairobi, kwa miguu hadi makao ya wazee ya Lavington. Saa kumi na mbili nimeshafunga aproni. Watu hudhani kulea wazee ni kubadilisha daipa na kukaa nao mbele ya runinga. Mimi huanzia mdomoni.

Miswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi (madini ya kuimarisha meno), wazee saba. Shosho, bibi wa kutoka Nakuru, hujisugulia mwenyewe. Meno yake ni ya kahawia kwa floraidi nyingi ya maji ya kwao, lakini bado anatafunia muwa, na hilo hutuambia kila asubuhi.

Saa tatu, Guka, yaani babu, akakataa uji. Jana pia alikataa. Waliokesha naye usiku wameandika, "Hana hamu ya kula." Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Guka, nifungulie kidogo tu."

Akageuza uso. Nikamshika mkono, nikasubiri. Akanisukuma. Nikasubiri tena, siku hizi anasahau hata jina langu, kumharakisha ni kumtisha. Karibu nusu saa ikapita. Alipofungua, meno ya bandia ya juu yalikuwa yamelala mdomoni usiku kucha. Kuyatoa, kaakaa jekundu kama nyama mbichi na kidonda kwenye ufizi. Meno yale ni ya miaka mingi. Ufizi na mfupa wake vimenywea tangu hapo, kwa hiyo yanacheza na kumchubua. Na dawa anazomeza zinamkausha mate, ilhali mate ndiyo huosha kinywa.

Nikampigia mwanawe.

"Dada, mzee ana miaka 84. Daktari wa meno wa nini?"

Nilimeza hasira, nikamweleza: uchafu wa kinywa ukiingia mapafuni huleta nimonia. Na baba yake hakosi hamu, anaumia. Ilipofika saa saba, akakubali.

Kwa daktari wa meno foleni ilikuwa ndefu, Guka akanilalia begani mpaka likafa ganzi. Daktari akasema ni fangasi, akatoa dawa. Meno yakae nje hadi apone, kisha apimwe mengine.

Giza linaingia, mgongo unaniwaka. Nayasugua yale meno kwa sabuni juu ya beseni la maji, yakiniponyoka yasivunjike. Maji ya moto hapana, huyapinda. Nayaloweka kwenye kikombe chenye jina lake.

Guka, bila jino la juu hata moja, amemaliza bakuli la uji wa wimbi wa vuguvugu. Ananyoosha bakuli, anataka mwingine.