Misumari ya Paa la Chumbageni

Nyumba yetu ya Chumbageni, Tanga, tuliiuza Aprili 2019, mwaka wa tatu tangu baba afariki. Kabla ya hapo tulipandisha fundi juu ya paa kwa siku mbili, na siku hizo ninazikumbuka kuliko hata siku ya kutia saini.

Msimamizi wa mirathi nilikuwa mimi. Kila shilingi niliyoitoa nilipaswa kuwaeleza ndugu zangu imekwenda wapi. Kwa hiyo doa la maji lilipozidi kutanuka kwenye dari la chumba cha juu, rangi yake kama ya chai ya rangi iliyomwagika, nilianza kuhesabu. Dalali alikuja, akalitazama, akaniambia, "Dada, piga rangi tu. Mteja hapandi darini." Kaka yangu kwenye simu kutoka Dar alikuwa upande wa dalali: kwa nini tutumie fedha ya mirathi kumtengenezea mtu mwingine nyumba?

Mama alikuwa amekaa kitandani anatusikiliza. Akasema, "Rangi haizuii maji. Na huyo mtu ana watoto atakaowalaza humu." Mjadala ukaishia hapo.

Kumpata fundi ndiko kulikonitoa jasho. Wa kwanza alisimama uani, akainua shingo, hakugusa hata ngazi, akasema paa lote limekwisha, yatakiwa mabati sabini, milioni nne na ushee. Wa pili alikuwa mkweli zaidi. Aliniambia kazi yenyewe ni ya saa chache, lakini kwa nyumba ya ghorofa lazima asimamishe jukwaa, na kulifunga na kulifungua ni siku nzima. Kwa misumari michache hailipi. Nilimwelewa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi ndogo za juu zinatakiwa kukusanywa pamoja ili jukwaa lilipiwe mara moja tu. Nilimwomba jirani wa ng'ambo ya barabara anipishe kwenye baraza lake la juu, nikakaa pale na daftari asubuhi nzima nikilikagua paa letu kama mgeni. Kofia ya bati, ile inayofunika ncha ya juu ya paa, ilikuwa imenyanyuka mwishoni. Fishabodi, ule ubao unaofunika vichwa vya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ulikuwa umeoza kama mita tatu kwenye kona ya kusini. Gata lilikuwa limening'inia kwenye kishikizo kimoja. Lipu ilikuwa imebanduka chini ya paa, na ufa wake ndio uliokuwa mlango wa popo.

Fundi wa tatu alikuwa kijana wa Makorora. Alimwamkia mama, akavua viatu, akaomba kupanda darini kwanza kabla ya kwenda juu ya paa. Baada ya muda akaniita, "Dada, njoo uone nyota." Nilipanda ngazi hadi kichwa kikaingia kwenye lile giza lenye harufu ya popo. Kweli zilikuwa nyota: vitundu vya mwanga vimepangana mstari mnyoofu, kufuata papi, zile mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake.

"Bati lenu ni zima," alisema. "Haya ni ya zamani, mazito, siku hizi huyapati. Kinachovuja ni msumari." Akanieleza kwamba msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Ndiyo maana mvua ya kawaida haikutusumbua. Lakini mvua ya masika ikija na upepo wa kusi, maji hupanda hadi mgongoni, na kama msumari umelegea kwa miaka ya jua kulitanua bati na usiku kulirudisha, yanaingia.

Tulikubaliana 420,000 kwa kazi zote, vifaa na jukwaa humo humo. Kaka alituma sehemu yake bila neno.

Jukwaa lilikuwa la mirunda na mbao, limefungwa kwa kamba za katani, na mama alilikagua kila fundo kwa sababu baba alifanya kazi ya mkonge miaka yake yote na yeye hakuamini kamba nyingine. Alimtaka fundi ajifunge kamba hiyo hiyo ya katani kiunoni, na akajifunga. Walianza saa kumi na mbili na nusu, kwani ikifika saa nne bati halikanyagiki. Nilimwona anavyotembea: alikanyaga juu ya mstari wa misumari tu, pale penye papi chini yake, hatua kwa hatua, hakanyagi katikati kabisa.

Kila msumari aliong'oa alitia kwenye kopo. Aliposhuka kunywa chai aliliweka barazani, mbele ya mama. Nikatia mkono. Pamoja na misumari yenye kutu kulikuwa na viduara vya mpira mweusi, vikavu, vikivunjika vidoleni kama maganda ya karanga. Vingine havikuwa hata duara, vilikuwa na pembe.

Nilivijua. Mwaka 1984, wakati baba anaezeka, maduka yalikuwa matupu. Misumari aliipata kwa kuzunguka, vifuniko vya mpira vya kuwekwa chini ya vichwa vyake hakuvipata. Akaja na tyubu kuukuu ya baiskeli. Alitukalisha kwenye baraza hilo hilo, kaka anakata kwa mkasi, mimi natoboa katikati kwa msumari. Nilikuwa na miaka tisa. Vyenye pembe ni vya jioni, tulipochoka. Baba hakuvitupa, alipanda navyo juu, na vilizuia maji kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilimpigia kaka nikamwambia kuna nini ndani ya kopo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Fundi anaweka mpira wa aina gani sasa?"

Siku ya pili fundi alibadilisha fishabodi, akalirudisha gata, na ule ufa aliuziba magharibi, baada ya popo kutoka wote kwenda kutafuta chakula. Alisisitiza tusubiri hivyo. Wakifungiwa ndani hufia darini.

Mnunuzi alipokuja mwishoni mwa Machi, mama mwenyewe alimpeleka chumba cha juu. Doa hatukulipaka rangi. Akamwonyesha: hapa palikuwa panavuja, tumetengeneza wiki iliyopita, mvua bado haijapima. Dalali aliangalia chini. Yule bwana akaomba apande darini, akakaa huko dakika kumi. Aliporudi aliomba namba ya fundi, na bei hakuipunguza.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja usiku, upepo wake wa kusini, sisi bado tumo ndani na maboksi yetu. Nilimsikia mama akiamka, akaweka sufuria chini ya doa kama alivyozoea. Asubuhi nilikwenda kulitazama lile sufuria. Lilikuwa kavu, nikalipakia na vyombo vingine.