Kitochi peke yake: yanayokwamisha watu

Anayeacha simu janja na kubaki na kitochi, simu ndogo ya vitufe, hukwama kwanza kwenye majina. Laini nyingi hubeba namba 250 tu, na jina refu hukatwa: "Mama Asha Muuza Samaki" linabaki "Mama Asha Muuz". Fupisha mapema, na namba za muhimu ziandike daftarini. Laini ikifa, imekufa nazo.

SMS moja ni herufi 160. Ikizidi hapo inagawanywa, na kila kipande hubeba 153, maana nafasi ya herufi 7 huliwa na maelezo ya kuviunganisha. Emoji moja tu inashusha kikomo hadi 70. Hata ritifaa (alama ya ’) iliyopinda ya "ng’ombe" kutoka simu janja hufanya hivyo hivyo! Ya kitochi imenyooka, haina neno.

Kutuma pesa hakuhitaji intaneti. M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#. Ila menyu haisubiri mtu, kwa hiyo namba ya mpokeaji iwe karatasini kabla hujapiga. Ikikatika baada ya kuweka namba ya siri, usirudie haraka. Angalia salio kwanza, huenda pesa imeshaondoka.

Redio ikikoroma, chomeka waya wa spika za masikio, ndio antena yake kwenye simu nyingi.

Betri kama BL-5C ilaze mezani uizungushe. Ikizunguka kama pia, imevimba. Itoe, usiichaji tena wala usiitoboe.