Kifua hichi hakichukui kichwa hichi

Maneno yenyewe ni matano tu. Ami aliyasema Jumapili asubuhi, kikombe cha chai mkononi, bila kupandisha sauti, kisha akauliza kama mahamri yamebaki. Leo ni Ijumaa usiku na mimi bado ninayo. Nimelala nayo, nimepanda nayo matatu, nimejaza nayo fomu za forodha. "Kifua hichi hakichukui kichwa hichi."

Alikuwa anaisema Fuso, ile manowari ya Wajapani ninayoiunda kwa mfano mdogo.

Wiki yenyewe imekuwa nzito. Jumamosi tumemuoza mtoto wa dada, alhamdulillahi, mkubwa wetu kazini ametangaza ofisi inahamia Miritini mwezi ujao, na bomba la jirani limepasuka likatuachia matope ua mzima. Yote hayo yamepita juu kwa juu. Nililobaki nalo ni hili la Ami.

Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, wageni wa harusi bado wamelala kwenye mikeka sebuleni. Ami hajawahi kulala jua likachomoza. Akanifuata kile kibanda changu cha uani, akaketi kwenye kigoda. Mara ya mwisho alipokuja kutoka Lamu, Fuso ilikuwa mkuku wa chini na mataruma, yaani mbavu zake, matupu, kama samaki aliyeliwa. Sasa nikaifunua. Niliivuta ile kanga taratibu, nakiri, kwa sababu nilitaka aione yote kwa mara moja: mita moja na sentimita sita kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, vibanda sita vya mizinga, mizinga kumi na miwili niliyoikata kwenye antena za redio mbovu, na katikati ule mnara.

Mnara huo mmeusoma hapa miezi minne mfululizo. Manowari za Japani za zama zile zilikuwa na minara mirefu, lakini wa Fuso hauna mfano. Ulianza kama mlingoti wa miguu mitatu, wakaurundikia majukwaa, la taa, la vipimo vya masafa, la waangalizi, na jingine juu ya jingine, hadi ukafika kama mita 40 juu ya maji. Na chini, badala ya kupanuka, umebanwa kwa nyuma, kwa sababu kibanda cha tatu cha mizinga kimewekwa kikitazama mbele na kinahitaji nafasi. Ndugu yake Yamashiro kibanda hicho kinatazama nyuma, na mnara wake umekaa kwa utulivu zaidi. Fuso unaonekana kama mtu aliyebeba magunia matano kichwani na bado anatembea. Ndiyo sababu niliipenda. Niliikata sakafu kwa sakafu kwenye bati la mikebe ya soda, madirisha nikayatoboa kwa sindano ya cherehani, reli nikazisokota kwa waya wa shaba wa mota iliyoungua. Kwa kipimo changu cha moja kwa mia mbili, mnara una sentimita 20.

Ami hakutazama kama watu wengine watazamavyo. Wengine huanza na kuhesabu mizinga. Yeye alichutama mbele ya omo, akafumba jicho moja, akatazama ubavu wote hadi tezi. Akanyamaza.

"Hichi ndicho kile cha Wajapani?"

"Ndicho, Ami."

"Na mlingoti huu wa nini, na tanga hakina?"

"Si wa tanga. Ni mnara. Watu walikaa juu na vyombo vya kupimia masafa, ili mizinga ipige mbali."

"Watu wamekaa humu juu wote?"

"Ndio."

Hapo akatandaza mkono wake wa kulia, ule wenye kidole gumba kilichokatwa ncha na tezo ya kuchongea mbao, akaupima kifua cha Fuso kwa shubiri, pale katikati panapopana kuliko pote. Vidole vikabaki nje. Akauinua mkono ule ule, bila kuukunja, akausimamisha kando ya mnara. Shubiri ikaenea kamili. Akaushusha tena kwenye kifua, akaupandisha tena kwenye mnara. Mara mbili. Ndipo akasema.

"Kifua hichi hakichukui kichwa hichi."

Nikamjibu, na jibu langu ndilo linalonichoma zaidi ya neno lake: "Ami, hii ni manowari, si jahazi. Ni chuma. Hesabu zake zilipigwa na mainjinia."

Akanitazama kidogo. "Haya, mwanangu." Kisha mahamri.

Nimeligeuza lile "haya" kila upande. Kuna "haya" ya kukubali, kuna ya kumwachia mtoto mchezo wake, na kuna ile ambayo mafundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, huwaambia matajiri wanaotaka chombo kirefu kwa pesa za chombo kifupi. Mama watoto asema nimelishika bure, mzee alikuwa na njaa tu. Lakini mimi namjua. Mtu aliyenipa tezo nikiwa na miaka tisa, aliyenifundisha kwamba mataruma ya mbele hayaandikwi bali hutazamwa, mimi nikamwambia "si jahazi". Kwa sauti gani? Nimejaribu kuikumbuka sauti yangu. Nadhani nilicheka kidogo. Naomba Mungu sikucheka.

Na nilijitetea moyoni siku tatu nzima. Nilijiambia Ami hakuwahi kuona manowari ila kwa mbali. Babu ndiye aliyeziona, alipokuwa kuli Kilindini mwaka 1942, meli za Waingereza zilipokuja kujihifadhi hapa baada ya Wajapani kupiga Colombo na Trincomalee mwezi wa Aprili. Nilijiambia michoro ninayo, nimeichapisha vipande vipande na kuviunga kwa gundi, na kila taruma nimelikata juu ya mstari. Mchoro hausemi uongo.

Jumatano usiku nikashindwa kulala, nikaenda uani na tochi ya simu, nikaitandaza michoro yote sakafuni.

Mchoro wa ubavu nilioufuata, wenye mnara na dohani moja ya moshi, ni wa Fuso baada ya ukarabati. Meli iliingia kazini mwaka 1915 ikiwa na dohani mbili na milingoti ya kawaida, na mwaka 1930 ikarudishwa Kure, Japani, ilikozaliwa, ikafunguliwa karibu yote. Hilo nalijua kama jina langu. Tezi niliirefusha kama wao walivyoirefusha, mita saba na nusu na ushei, kwangu sentimita 3.8. Lakini karatasi ya mikato ya mataruma, ile ndogo iliyo pembeni, yenye alama ya kahawa, haikuwa ya baada ya ukarabati. Ilikuwa ya mwanzo. Kifua mita 28.7.

Nikatafuta kipimo cha baadaye, nacho hakikuwa mbali, kiko kwenye daftari langu mwenyewe kwa mwandiko wangu mwenyewe: mita 33.1.

Nilikaa pale chini mpaka tochi ikazima.

Walipourundika ule mnara, wale mafundi wa Kure waliivalisha Fuso vitumbo vya chuma ubavuni, kushoto na kulia, karibu urefu wote wa kati. Vilikuwa vya kuikinga na torpedo, na vilikuwa pia vya kuifanya ikae juu ya maji na uzito wote ule mpya. Mita nne na zaidi za upana. Kwangu ni milimita 22, kumi na moja kila upande. Upana wa kidole cha mtoto. Mimi nilikuwa nimeweka kichwa cha mwaka 1935 juu ya kifua cha mwaka 1915, nikaishi nacho miezi kumi na moja, nikakipaka rangi ya kwanza, nikakipiga picha mara zisizo na idadi, na hakuna aliyeona, si mimi wala nyinyi. Akaja mzee ambaye hajui hata jina la meli yenyewe, akatandaza mkono.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata pale. Uchungu wote ulinitoka. Nilitaka kumwamsha mtu. Niliwaza: wale mainjinia niliomtajia, wenye meza na rula na hesabu, waliutazama mnara wao, wakautazama ubavu, na wakafikia jambo lile lile alilofikia Ami kwa shubiri kwenye kigoda. Wakaongeza kifua.

Na raha nyingine, kubwa kuliko hiyo, ni kwamba sihitaji kuvunja kitu. Fuso halisi nayo ilikuwa nyembamba kwanza, ikavalishwa baadaye. Kwa hiyo nami nitaivalisha. Alhamisi nilipasua vibao vyembamba vya mkangazi kutoka ule ubao wa kitanda cha marehemu mama, nikavivukiza juu ya sufuria hadi vikalegea, nikavifunga ubavuni kwa uzi na vibanio vya nguo. Vinaanza bila unene karibu na kibanda cha pili, vinafura hadi milimita kumi na moja, vinafifia tena kuelekea tezi. Leo nimefungua upande wa kushoto. Simameni mbele ya omo, fumbeni jicho moja kama Ami. Mnara ni ule ule, sikuugusa, lakini umekaa. Umetulia. Sikujua kwamba muda wote ule kitu fulani kilikuwa kinanitia wasiwasi kila nikiitazama, mpaka kilipoondoka.

Nikimaliza nitaipeleka kwenye maji. Sikuwa na nia hiyo kabla. Nitaweka farumi, uzito wa kuituliza majini, ya chubwi za wavuvi chini ya sitaha, nitaiteremsha pale mkondoni maji yakijaa, na Ami awepo.

Jambo moja lilinijia nikiwa nafunga vibao, na linakuja tena sasa. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1944, mlango wa bahari wa Surigao, Ufilipino, Fuso ilipigwa torpedo baada ya saa tisa, na kabla ya alfajiri ilikuwa imezama. Mabaharia wake walikuwa zaidi ya elfu moja. Walioonekana tena nyumbani wanahesabika kwa vidole. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2017, na yamelala kifudifudi, mkuku juu. Kilichoiua ni torpedo, si uzito wa mnara, nalijua hilo. Lakini nilikuwa nimeshika kitumbo cha ubavu mkononi, kile kilichowekwa kuwakinga wale watu, na nikakiweka chini nikaenda kunywa maji.

Jioni hii nikampigia Ami. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu: nisamehe kwa jibu lile, ulikuwa na haki, kifua kilipungua milimita ishirini na mbili. Nikayasema yote bila kupumua.

Kimya. Kisha: "Nilisema hivyo?"

"Ulisema, Ami. Jumapili. Ulipima kwa shubiri."

"Labda nilisema." Nikamsikia akimfukuza kuku. "Wewe, hebu nitazamie. Kile kifuko cha dawa zangu, nilikiacha huko?"

Nikaenda uani na simu sikioni. Kipo. Kipo kwenye rafu, nyuma ya mnara, pale alipokiweka ili auachie mkono ule wa kupimia. Dawa za presha, karatasi tatu, na hakuna kidonge kilichotolewa tangu aondoke Jumatatu. Siku tano. Namuuliza kama amenunua nyingine, asema hana haja, yu mzima, kichwa tu kinamuuma kidogo jioni. Basi la kesho la Mokowe, la kwenda Lamu kwake, nimekwisha likosa, wamejaza. Nimempigia binti yake mara mbili kumwambia amchukue hospitali akapimwe, na simu yake haipatikani.