Fomu ilimuuliza mzee makundi mangapi yamekufa

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Sikonge, mkoani Tabora, asubuhi tunakunywa uji na mzee pale nje, akaja kijana mmoja wa serikali na pikipiki, kabeba kishikwambi na kibahasha, anapita kwa wafugaji nyuki kuchukua takwimu. Akatoa shikamoo, mzee akaitika marahaba mwanangu karibu ukae, akaletewa kigoda na uji. Mi nikasogea pembeni nikawa nasikiliza tu, na yale niliyoyasikia yamenikaa kichwani mpaka leo ndo maana naandika.

Swali la kwanza, mzee una mizinga mingapi. Mzee akanyamaza, akakoroga uji wake, akasema "kama themanini hivi". Mi najua si themanini. Na najua kwa nini alisema themanini, maana nimekulia hapa. Mtu wa huku hataji mali yake yote mbele ya mgeni, na wazee wanakumbuka miaka ambayo ukitaja idadi kubwa, haipiti muda anakuja mtu mwingine na kitabu cha risiti. Halafu kuna mizinga iko ndani kabisa msituni, kwenye hifadhi, na mwenyewe hana uhakika kama kibali chake cha zamani bado kinahesabika, sasa hiyo ataitaja kwa nani? Kwa hiyo wengi wanataja nusu. Sio wongo wa kumuumiza mtu, ni kujikinga, na yeyote anayetengeneza fomu za namna hii inabidi alijue hilo kabla hajatoka ofisini.

Swali la pili likawa kilo. Mwaka jana ulirina kilo ngapi za kuuza. Huku hakuna mtu anayerina kilo jamani, huku tunarina madebe. Mzee akasema debe kumi na nne, kijana akabonyeza akaandika 280. Nikashtuka, nikamuuliza ndugu yangu umepataje, akasema debe ni lita ishirini kwa hiyo 14 mara 20. Lakini asali sio maji, asali nzito, lita moja ni kama kilo 1.4, kwa hiyo debe moja lililojaa ni karibu kilo 28, na debe 14 ni kilo 392. Kilo 112 za mzee wangu zilikuwa zinapotea hapohapo juu ya kigoda, na hatujagusa ile iliyobaki nyumbani kwa dawa, ile ya kugawia ndugu na ile iliyopikiwa wanzuki, pombe yetu ya asali, wakati wa harusi ya binamu yangu, maana fomu ilikuwa inauliza iliyouzwa tu. Kijana alisahihisha, nashukuru, ni msikivu. Ila najiuliza kwenye vijiji vingapi hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa likaja swali lenyewe. "Mzee, ndani ya miezi 12 makundi mangapi ya nyuki yamekufa?"

Mzee akamwangalia. "Hawajafa. Wamehama."

Kijana akashusha kidole, akapandisha, akatafuta, hamna sehemu ya wamehama. Kuna idadi ya makundi yaliyokufa na kuna sababu za vifo. Akamuuliza tena kwa upole, lakini waliokufa je, mzee akasema ni wale wa mizinga miwili ile ya karibu na mashamba ya tumbaku, walikutwa chini ya mti wamelala wengi baada ya watu kupiga dawa. Ikaandikwa mbili. Yaani kwa mujibu wa ile fomu, nyuki wa baba yangu wana afya njema kabisa, wamekufa makundi mawili tu mwaka mzima, wakati mi nilienda naye msituni mwezi ule nikaona kwa macho yangu mizinga mitupu, unagonga na fimbo inalia kama ngoma.

Hili ndo jambo linaloniuma. Nyuki wetu sio wa kukaa tu wakisubiri. Moto wa kichakani ukipita, maji yakikauka kule mtoni, siafu wakipanda, mrinaji mwenye haraka akikata masega yote mpaka ya majana, yaani watoto wa nyuki, wanaondoka kundi zima na malkia wao, na hauoni hata mzoga mmoja. Wengine wanafuata maua tu, miyombo ikimaliza huku wanakwenda kunakochanua halafu mvua zikija wanarudi, au wanarudi wengine, hakuna anayejua kama ni walewale. Mzee akiona mzinga mtupu hasemi msiba, anausafisha anaupaka nta anasubiri. Lakini ule utupu ndio habari yenyewe ya afya ya nyuki. Ukiuliza vifo peke yake unakosa karibu kila kitu.

Nilivyorudi mjini Tabora nikasoma kidogo jinsi wenzetu Marekani wanavyofanya. Baada ya ile hali iliyoanza mwishoni mwa 2006, nyuki wakawa wanatoweka kwenye mizinga bila maelezo, kelele zikawa kubwa sana, na wizara yao ya kilimo tangu 2015 inawauliza wafugaji kila robo mwaka: ulianza na makundi mangapi, umepoteza mangapi, umeongeza mangapi, na nini kiliwasumbua, iwe ni utitiri wa varoa, vijidudu vinavyowaganda nyuki na kuwanyonya, wadudu wengine, magonjwa, viuatilifu au sababu isiyojulikana. Kila robo mwaka! Na utitiri wa varoa karibu kila mara ndio unaongoza. Kilichonigusa ni lile neno, kupoteza. Hawakung'ang'ania kifo peke yake. Mfugaji anasema wamepotea, kisha anasema anachodhani kiliwasumbua, hata kama ni sijui.

Huo utitiri hata huku upo, Afrika Mashariki uligunduliwa mwaka 2009, na inaonekana nyuki wetu wanauvumilia kuliko wale wenye asili ya Ulaya. Lakini kijijini kwetu hakuna mtu amewahi kuja kupima. Na kupima sio kazi ya maabara kubwa, unachota nyuki kama 300, nusu kikombe hivi, unawatia kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, unamwagia sukari laini ya unga, unatikisa, utitiri unadondoka unauhesabu, nyuki unawaachia wakiwa hai. Mzee alivyosikia alisema hiyo hata yeye anaiweza.

Halafu kuna zile namba kubwa ambazo kila mtu wa nyuki Tanzania amezisikia kwenye hotuba, kwamba nchi ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka. Nimezisikia tangu niko shule. Safari hii nikakaa na kalkuleta ya simu, maana pia huwa inasemwa tuna makundi ya nyuki milioni 9.2. Gawanya tani 138,000 kwa hiyo milioni 9.2, unapata kilo 15 kwa kila kundi, kamili, bila hata nukta. Nta, kilo moja kamili kwa kila kundi. Kwa hiyo mi naiona hivi: hiyo ni hesabu ya kukadiria, makundi mara kilo 15, sio asali ambayo mtu aliipima. Kama makadirio ni sawa, kila nchi inafanya. Shida ni pale tunapoishika kama kipimo, halafu uzalishaji wenyewe unatajwa kwenye tani elfu thelathini na kitu, na tunaambiwa wafugaji wa mizinga ya magogo na magome ndio wanaturudisha nyuma. Mzinga mmoja kilo 15, ndiyo, ukiwa na nyuki. Mtupu unatoa kilo ngapi?

Nirudi pale nyumbani. Uji ulipoisha yule kijana akazima kishikwambi akakiweka kwenye bahasha, akasema, "Mzee hebu nitembeze msituni kwa mdomo." Hapo baba akawa mtu mwingine! Akaanza na mninga wa kwenye njia panda, ule una nyuki wakali tangu masika. Akaenda kwenye mtundu uliopigwa radi, nyegere kaangusha mizinga miwili akaifumua yote. Akavuka mto, akapanda kambi ya zamani ya babu, mti kwa mti, huu waliingia nyuki mwezi gani, huu wamehama moto ulipopita, huu sijaufikia. Hana hata karatasi. Saa mbili nzima, mi naandika nyuma ya daftari la mdogo wangu, kijana naye kanyamaza anasikiliza na chai imepoa mkononi.

Nikajumlisha. Mizinga 164. Yenye nyuki 88, iliyohamwa 61, iliyoangushwa na nyegere 13, na ile miwili ya sumu. Sio themanini, na sio vifo viwili tu. Kijana akauliza kama anaweza kupiga picha ule ukurasa, mzee akakubali, akauliza na yeye, "Mtarudi kutuambia mmeona nini?" Kijana akasema atajitahidi. Mzee akasema wa mwaka ule na wa kabla yake walisema hivyohivyo, na akamfungia asali kwenye chupa ya maji ampelekee mama yake.

Mi ombi langu kwa wanaoandaa hizi tafiti ni hilo la kurudi, hata karatasi moja ya Kiswahili ikibandikwa ofisi ya kijiji, wilaya yetu imerina kiasi hiki, mizinga mingi imehamwa mwezi huu, jihadharini na hiki. Mtu akishaona jibu lake limemrudia na halikuja na risiti, mwaka unaofuata atataja mizinga yote. Na hakikisheni maafisa nyuki wana mizani, hata moja kwa kata, na nafasi ya kuandika wamehama.

Mwenyewe nimeanza na yangu. Nina mizinga 43, daftari limechorwa safu: mti, tarehe nyuki walipoingia, tarehe waliyohama, debe, kilo baada ya kuchuja. Nilimpigia mzee jana kumsomea akasema kuna kitu nimesahau, tarehe ya mvua ya kwanza, kwa sababu bila hiyo hutajua kama walichelewa wao au ilichelewa mvua. Nimeiongeza.