Kinachotokea mwanga unapogusa kioo

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanga hudunda kwenye kioo kama mpira ukutani, na sasa naona kwamba picha hiyo ilininyima jambo zuri zaidi. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa fedha au alumini, ambamo baadhi ya elektroni hazikufungwa kwenye atomu moja, bali huzunguka huru. Wimbi la mwanga linapofika huzitikisa takriban mara trilioni 500 kwa sekunde, nazo, kwa kutikisika huko, hutoa mawimbi yao wenyewe. Yanayoelekea ndani hulifuta wimbi la awali kabla halijapenya mbali, ilhali yanayorudi nje, jambo linalonistaajabisha hadi leo, huimarishana katika mwelekeo mmoja tu, ule ambao pembe yake inalingana na pembe ambayo mwanga uliingilia.