Maji Yasiyokuwapo

Maskati, Jumapili usiku

Viganja vyangu bado vinanuka kamba iliyolowa, na kidole gumba cha kulia kimechubuka. Ninaandika leo kabla mambo hayajachanganyika kichwani, kwa sababu nilikwenda kwenye milima ya Hajar nikiamini kwamba kitakachonishughulisha ni kimo, lakini kilichonishughulisha tangu asubuhi hadi jioni ni maji, tena maji ambayo hayakuwapo.

Tulikuwa wanne, tukiongozwa na binamu yangu ambaye ameyazoea makorongo ya upande ule kwa miaka mingi. Tulitoka Maskati usiku, tukasali alfajiri Rustaq, kisha tukashika njia ya changarawe inayopanda Wadi Bani Awf. Korongo tulilolishuka kwa kamba ni tawi dogo tu la bonde hilo, jembamba kiasi kwamba kuna mahali niligusa kuta zote mbili kwa viwiko, na kutoka ndani yake mbingu huonekana kama utepe.

Mwamba wa huko ni wa chokaa, uliojengeka chini ya bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Jambo hilo nililijua kwa kusoma, lakini jana nililiona kwa macho. Nikiwa nimening'inia kwenye mteremko wa kwanza, wenye mita kama 15, uso wangu ulikuwa shubiri moja kutoka ukutani, na ndani ya jiwe la kijivu kulikuwa na vipande vya kombe, vyeupe, vingine vimekatwa katikati hata mizunguko yake ikahesabika. Bibi yangu alizaliwa Unguja katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyopigwa chokaa, na nilipokipitisha kidole juu ya kombe lile nilihisi ukwaruzo uleule wa ukuta ambao niliuegemea utotoni kila tulipokwenda kuwatembelea jamaa. Nilikaa pale hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, mpaka sauti ikanifikia kutoka juu: "Vipi, dada, kuna tatizo?" Hapakuwa na tatizo lolote.

Kushuka kwenyewe si kazi ya nguvu. Unavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, unaipitisha kamba kwenye chuma chenye umbo la nane kilichofungwa kwa karabina, yaani pete ya chuma inayofunguka, yenye kufuli, na mkono ulio chini ya chuma hicho ndio breki, kwa hiyo hauachi kamba hata nyuki akikutua shavuni. Kigumu ni ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma ukingoni, kwani mwili wote unakuamrisha uukumbatie mwamba, na ukiukumbatia tu miguu inateleza. "Kaa kama unakaa kitini," binamu yangu alinielekeza, nami nilipokaa nyayo zilishika.

Zilishika kwa shida, kwa kuwa ukuta ni laini kama bakuli la kauri. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa na kupata uchachu mdogo unaotosha kuiyeyusha chokaa kidogo kidogo katika nyufa, halafu mafuriko huja na kokoto na mawe yakausugua ufa mpaka ukawa korongo. Chini ya kila poromoko kuna shimo la mviringo mithili ya tumbo la mtungi, na ndani yake mna maji ya kijani, baridi ya kukata pumzi, ambayo tuliyavuka kwa kuogelea huku mabegi yakielea mbele yetu.

Baada ya poromoko la tatu ndipo tulipokwama, na kosa lilikuwa langu. Kamba hupitishwa katika pete iliyoshikwa na bolti mbili, ncha zote mbili zikaning'inia hadi chini, na wote wakishafika ncha moja huvutwa ili kamba iteremke itumike tena. Kabla mtu wa mwisho hajashuka, aliye chini lazima ajaribu kuivuta ahakikishe kwamba inapita. Kazi hiyo nilipewa mimi, nikaivuta kidogo tu, nikapiga kelele kwamba iko sawa, nami sikuwa nimetazama kwamba nyuzi mbili zilikuwa zimesokotana huko juu. Binamu yangu akashuka. Tukavuta wawili, kisha watatu, kamba isitikisike.

Nilipoinua macho kuifuata ndipo nilipoliona kuti la mtende, kavu, limebanwa kati ya ukuta na jiwe kubwa, juu sana, mahali ambapo watu watatu wakisimama mabegani mwa wenzao wasingelifikia. Upepo haukulileta pale. Hakuna aliyesema neno. Nyuma yake, kwenye utepe wa mbingu, palikuwa na wingu moja jeupe lenye kitako cha kijivu, na mvua ikinyesha kileleni tusingeisikia, tungelisikia bonde tu.

Binamu yangu hakunilaumu. Alirudi nyuma ndani ya dimbwi hadi maji yakamfika kifuani, ili abadilishe pembe ya mvuto, akazitenganisha nyuzi mbili, akaurusha ule wa pili kama anayekung'uta mkeka, mara tatu, mara nne. Ulipoachia, kamba yote ilianguka majini kwa mkupuo. Tulikuwa tumetumia dakika 20 hivi. Maporomoko mawili yaliyobaki tuliyashuka kimya, na majaribio ya kuvuta niliyafanya mimi mwenyewe, kwa uzito wangu wote.

Jioni tulipanda hadi Bilad Sayt, kijiji kilichokaa chini ya genge na matuta yake ya mitende. Mzee mmoja alikuwa akigawa maji ya falaj, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, akiziba mfereji kwa jiwe na kitambaa na kuufungua mwingine. Mifereji mitano ya Oman imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na mmojawapo uko Rustaq tulikopita asubuhi, lakini nilichokitazama mimi ni kile kitambaa, jinsi kilivyotosha.

Usiku nilimpigia bibi. Hakuuliza habari ya kamba wala kimo.

"Kulikuwa na mawingu, mwanangu?"

Nikamwambia lilikuwapo moja, na kwamba tulikuwa tumeshakwama tulipoliona.